Ngoma ya Mzee Springi

Kilichoanza kumkera Mzee Springi asubuhi ile ya Jumanne ni puto.

Lilikuwa puto la njano, halijapulizwa, limelala mezani mbele yake kama ulimi, kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Pembeni yake kulikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga, gundi, karatasi za rangi, mipira ya kufungia na mkasi wa plastiki wa watoto wa chekechea, usioweza kukata hata ukucha. Kila mgonjwa aliyezunguka ile meza alikuwa amewekewa vitu hivyo hivyo, puto jekundu kwa huyu, la bluu kwa yule.

"Haya wazee wangu," alisema dada wa mazoezi huku akipiga makofi, "leo tunatengeneza ngoma!"

Dereva wa lori aliyekaa mkabala alicheka. Lakini huyo kila kitu alikichekea. Kiharusi kilimwachia kicheko na kikamnyang'anya mguu. Mzee Springi hakucheka. Alilitazama lile puto, akamtazama yule dada, na damu ikaanza kumpanda kichwani polepole, mahali ambapo daktari alishasema isipande.

Ngoma! Ya kopo na puto! Yeye!

Huyu alikuwa fundi wa makochi kwa miaka thelathini na minne. Viti vya benki alivivalisha yeye. Viti vya mahakama, viti vya saluni, makochi ya maharusi, makiti ya madaktari wa meno, vyote vilipita mikononi mwake, na watu wa mtaani walikuwa wakitania kwamba hakuna kalio la kuheshimika mjini lisilomfahamu. Jina la Springi alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa na uwezo wa kubonyeza springi ya kochi kwa kidole gumba, halafu akakwambia imebakiza miaka mingapi. Ya pili, ukimgusa vibaya aliruka.

Miezi minne iliyopita alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo kaibana midomoni kama kawaida yake, nyundo mkononi. Nyundo ikaanguka. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Akataka kumwambia mwanawe, "Hebu niokotee hiyo," na kilichotoka mdomoni, pamoja na misumari, kilikuwa, "Sindano."

Tangu siku hiyo hakuwa na neno jingine. Kichwani maneno yalikuwepo yote, yamepangwa vizuri kama nyuzi kwenye rafu, lakini yakifika mlangoni linatoka moja tu. Akiwa na kiu, sindano. Akitaka kwenda chooni, sindano. Mkwe wake, mke wa mwanawe, akimuuliza, "Umelala vizuri, baba?" yeye humjibu kwa adabu zote, "Sindano, sindano." Isipokuwa akikasirika sana. Hapo tusi huchomoka zima zima, limenyooka, halina hitilafu hata kidogo, halafu mlango hufungwa tena. Daktari alisema ndivyo ugonjwa huo ulivyo. Mzee Springi aliona ni dhihaka: amenyimwa "ahsante" na "tafadhali", akaachiwa matusi.

Na watu nao! Kwa kuwa hasemi, waliamua kuwa hasikii. Walizungumza juu ya kichwa chake kama wanazungumza juu ya kabati. "Amekula?" "Amekula kidogo." "Anajua leo ni siku gani?" "Ah, wapi!" Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, na alijua.

Sasa hili la puto.

"Baba," dada wa mazoezi aliinama karibu naye, "tunakata shingo ya puto hivi, tunalivuta juu ya mdomo wa kopo, tunalifunga kwa mpira. Halafu unapamba. Ukitaka chukua karatasi, ukitaka chukua vitambaa kwenye hili boksi. Jisikie huru."

Akalisukuma boksi la vipande vya vitambaa katikati ya meza, akaenda kumsaidia dereva wa lori, ambaye puto lilishamponyoka likamrukia usoni, naye hoi kwa kicheko.

Mzee Springi hakuwa na nia ya kupamba kitu. Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya boksi kwa sababu moja tu: jicho lake lilikuwa limeona rangi ya maini. Akavuta. Kikatoka kipande cha leza, ile ngozi ya bandia ya kuvalishia viti, kipana kama sahani kubwa, chenye mgongo wa pamba. Akakisugua kwa kidole gumba. Leza nzuri, nzito, siyo hii ya siku hizi inayobambuka kama ngozi iliyoungua jua.

Akakigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya chaki ya bluu: KITI CHA 4.

Mwandiko ulikuwa wake.

Alikiweka mapajani. Akatia mkono tena boksini. Kikatoka kitambaa cha maua cha kochi la mwalimu mkuu. Kikatoka kipande cha mahameli ya kijani. Kikatoka kipande cha sponji alichokikata mwenyewe kwa kisu cha mkate. Kila alichotoa alikijua alikinunulia nini, kilibaki wapi, na alikihifadhi kwenye ndoo gani chini ya ile meza ndefu ya karakana. Vipande hivyo havikuwa takataka. Humo ndimo fundi hutoa kiraka mteja anaporudi na kochi lililochanwa na paka. Na karakana ilikuwa imefungwa, ufunguo uko kwa mwanawe, ikimsubiri yeye apone. Si ndivyo alivyoambiwa?

"Sindano," alisema kwa sauti kubwa.

Dada wa mazoezi akageuka. "Hapana baba, leo hakuna sindano."

"Sindano!" Akainua kile kipande cha leza, akakitikisa, akalionyesha boksi, akaonyesha mlango, akafungua kiganja: kimetoka wapi?

"Sindano ya kushonea? Huhitaji kushona, baba, tunafunga tu kwa mpira."

Akafunga macho. Akapumua. Akalifuata boksi kwa kidole, kisha akamwelekezea yeye kidole, kisha akainua mabega juu kabisa mpaka la kulia likauma.

"Aaah, unauliza vimetoka wapi?" Uso wa yule dada ukafunguka kwa furaha ya kuelewa, maskini, bila kujua anachokwenda kusema. "Si kijana wako alituletea! Wiki ile ya kwanza ulipoanza kuja. Magunia mawili. Alisema karakana ameshaiachia, cherehani zimeshachukuliwa, hivi vilibaki akaona asivitupe. Tulimshukuru sana."

Tusi lililotoka halifai kuandikwa. Lilihusu mwanawe, na kwa bahati mbaya, kwa namna lilivyoundwa, lilimhusu yeye mwenyewe pia. Kopo la maziwa likaruka kutoka mezani, likagonga ukuta, likabingirika chini ya vitanda vya mazoezi. Mama mmoja akashika kifua. Hata dereva wa lori alinyamaza, sekunde mbili nzima.

Dada wa mazoezi hakufoka. Alikwenda akalifuata kopo kwa magoti, akalitoa likiwa limebonyea ubavu, akaliweka mbele yake tena. Safari hii aliongea taratibu, kwa sauti ya mtu mzima anayeongea na mtu mzima.

"Baba, sikukueleza vizuri. Kosa langu. Hii si michezo ya watoto. Ugonjwa wako umeshika upande wa kichwa unaotoa maneno. Upande wa pili, wa kuimba na kupiga, ni mzima. Tunataka neno lipite huko. Unagonga kwa mkono wa kushoto, neno linakuja nyuma ya mkono. Wengine linakuja, wengine haliji. Sikudanganyi. Ndiyo maana ya ngoma."

Mzee Springi alimsikiliza huku akihema. Halafu akalichukua lile puto la njano kwa vidole viwili, akalirudisha kwake. Akaweka kile kipande cha leza mahali pake.

Ikiwa ni ngoma, basi iwe ngoma.

Akalibana kopo katikati ya magoti. Kwanza akaiweka leza dirishani juani ilainike. Akamwashiria yule dada amletee mkasi wa kweli, akaletewa ule wa kukatia bandeji. Akakata duara kwa mkono wa kushoto, mkono mjinga usiojua kukata, ulimi nje kama mtoto wa shule, na duara likatoka kama kiazi. Akakata tena. Akatoboa matundu pembeni. Akavua kamba ya kiatu cha mguu wa kulia, ambao haukuwa na haraka ya kwenda popote, akaipitisha tundu kwa tundu.

Halafu akaanza kuvuta. Leza huivuti upande mmoja ukamaliza. Ukifanya hivyo hupinda, ikatoa makunyanzi kama uso wa mtu aliyekunywa dawa chungu. Unavuta huku, unavuta mkabala wake, unageuza, unavuta huku, unavuta mkabala. Mkono mmoja haukutosha. Akatumia meno. Alivuta kwa meno huku akimfikiria mwanawe, na leza ikakaza. Alivuta akiifikiria ile cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi, iliyokuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba, na leza ikakaza zaidi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Wenzake walishamaliza na kubandika nyota za karatasi. Yeye bado anavuta. Mkwe wake alipokuja kumchukua saa sita, alimkuta kamba iko mdomoni.

Alipofunga fundo la mwisho akagonga kwa vidole.

Ndu.

Chumba kizima kiligeuka. Ngoma za maputo zilikuwa zikilia pwi, pwi. Hii ilisema ndu, kama mlango wa nyumba ya matofali.

"Eh!" alisema dada wa mazoezi. Akavuta kiti, akamshika kiganja cha kushoto. "Tuanze na lile unalolijua. Gonga. Si-nda-no."

Ndu, ndu, ndu. "Si-nda-no."

"Vizuri. Sasa usiseme, gonga tu mara mbili. Tena. Tena. Sasa nifuate: fu-ndi."

Ndu, ndu. "Si..."

"Usiharakishe. Mkono kwanza. Fu-ndi."

Ndu, ndu. Ndu, ndu. Mdomo wake ulikuwa ukitafuta kama mtu anayepapasa swichi kwenye giza. "Fff... fu-ndi."

Mkwe wake mlangoni alidondosha mkoba. Yule dada alikuwa tayari machozi yanamlenga, dereva wa lori anacheka na kupiga meza. Mzee Springi peke yake ndiye hakufurahi. Neno lilikuwa limekuja, ndiyo. Lakini alikuwa na maneno mengine aliyoyahitaji zaidi, na yalikuwa na mtu wa kuambiwa.

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya teksi, akamgeukia mkwe wake. Akamwekea kile kipande kilichobaki cha leza mapajani, upande wa maandishi ukiwa juu. Yule mwanamke alikitazama. Alifanya kazi kiwanda cha mikate na alikuwa ameomba ruhusa kila Jumanne na Alhamisi ili ampeleke mazoezini. Hakuwa mtu mbaya. Alikitazama kile kipande mpaka teksi ikapita taa mbili.

"Nilimwambia akwambie," alisema mwishowe, chini chini. "Baba, wallahi nilimwambia. Akasema utapata kiharusi kingine."

Mzee Springi akageuza uso dirishani. Kwa hiyo hata huyu. Nyumba nzima ilijua, pengine na majirani, na muuza maji, na paka. Kila mtu alijua isipokuwa kabati.

Siku tano zilizofuata alifanya kazi. Alikaa uani, kopo magotini, tangu chai mpaka jua kuwa kali, akijifunza sentensi moja. Aliikata vipande kama kitambaa. Che-re-ha-ni. Za-ngu. Zi-ko wa-pi. Ilikuwa kazi ya kutia wazimu. "Che" ilikataa siku nzima, ilitoka "si". "Wapi" ilikuja mapema, halafu Ijumaa ikapotea, akaigongea mpaka kiganja kikavimba. Sindano ilikuwa inamvizia kila kona, akilegea tu inarukia. Akiitoa anaitukana, na tusi linatoka safi, jambo lililomzidishia hasira.

Jioni mwanawe akirudi kutoka kazini — siku hizi alikuwa msimamizi wa stoo kwenye kampuni ya rangi — alisimama kwenye mlango wa uani akatabasamu.

"Baba anapiga ngoma," alimwambia mkewe, juu ya kichwa chake. "Vizuri. Inamchangamsha."

Mzee Springi alifunika ngoma kwa kiganja. Sentensi ilikuwa bado haijakamilika. Hakuwahi kumpa mteja kochi lenye pini zinazoning'inia, hangeanza leo.

Jumapili alikuja dada yake mdogo kula chakula cha mchana. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, sauti kama honi, mwanamke anayeuliza maswali huku akila na kusikiliza majibu huku akiuliza mengine. Alimbusu kaka yake kichwani, akakaa karibu naye upande wa mkono mgonjwa ili amkatie nyama, na hakuzungumza juu ya kichwa chake hata mara moja. Alizungumza naye usoni, na alipoambiwa "sindano" alijibu, "Najua, kaka, najua."

Katikati ya chakula akamgeukia mpwa wake.

"Na karakana je? Nani anaiangalia? Ile mvua ya juzi isije ikawa imeingia."

Kijiko cha mkwe kikasimama hewani.

"Ipo, shangazi," alisema mwanawe, anajimiminia maji. "Nimefunga kufuli mbili. Kila kitu kiko kama alivyokiacha. Akipona tu, anarudi kazini."

Alisema hivyo bila kupepesa. Tena alimalizia kwa kumpiga baba yake begani, kwa upole, vile mtu anavyompiga ng'ombe mzuri. Alisema uongo mbele ya mwenye mali, mchana kweupe, kwa uhakika kamili kwamba mwenye mali hana mdomo.

Mzee Springi alisukuma sahani. Ngoma ilikuwa chini ya kiti. Akaivuta kwa mguu, akaiinua, akaiweka mezani katikati ya bakuli la mchuzi na jagi la maji. Ile sentensi aliyoifanyia kazi siku tano ilimtoka kichwani yote, hata herufi moja haikubaki. Mkono ukashuka wenyewe.

Ndu. Ndu. Ndu.

"U-o-ngo."

Neno hilo hakuwahi kulifanyia mazoezi.

"Kaka?" alisema dada yake.

Ndu, ndu, ndu. "U-o-ngo!" Na nyuma yake, kama ng'ombe wanaofuata wa kwanza kupita zizini, ile sentensi ikaja, pigo kwa pigo, macho yake yamemganda mwanawe: "Che-re-ha-ni. Za-ngu. Zi-ko. Wa-pi?"

Mwanawe alikuwa mweupe kama unga midomoni. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani.

"Jibu," alisema shangazi, sasa kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ile ya honi. "Baba yako amekuuliza swali."

"Nimeuza."

"Umeuza?"

"Nimeziuza kwa mtu wa magodoro. Na chumba nimekiachia. Daktari alisema hatashona tena! Mngetaka nifanye nini, nizitazame zikiota kutu?"

Mzee Springi akagonga. Lilikuwa neno refu na alilipanda kama ngazi, kidato kwa kidato. "U-nge... ni-u... li-za."

"Ungenijibu nini?" mwanawe alifoka, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Sindano?"

Dada yake alipiga meza kwa kiganja, bakuli likaruka. Lakini yule mtoto — mwanamume wa miaka thelathini na sita, lakini wakati huo alikuwa mtoto — hakuweza tena kujizuia.

"Mnataka ukweli? Haya. Tangu nina miaka tisa sikuwahi kuwa na likizo. Wenzangu wako mpirani, mimi niko chini ya meza naokota misumari. Mshono ukipinda kidogo, rula ya mbao. Mbele ya wateja! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naoa mwezi ujao, na ulinichapa rula mbele ya wakwe zangu kwa sababu ua la kitambaa limekaa kichwa chini. Siku ulipoanguka nililia, baba. Nilikushika kichwa, nikalia kweli. Lakini siku niliyofunga ule mlango... Siku ile nilipumua. Basi. Sasa nipige na hiyo ngoma."

Mzee Springi alimkumbuka huyo baba mkwe, mtu mnene mwenye shati la bluu, jinsi alivyogeuka kutazama ukutani. Aliikumbuka na rula. Miaka yote alikuwa akiliita jambo hilo mafunzo. Hasira yake ilikuwa imekuja mezani imejiandaa kwa mtu mmoja, na sasa ilisimama haijui ipige wapi. Lakini haikuondoka. Kuchapwa rula ni kubaya, alifikiri, na hilo nitalijibu. Ila mimi nilikuchapa ukiwa unaniona. Wewe umenizika niko macho.

Hayo yote yasingeweza kupita mlangoni hata angegonga mwaka mzima. Alichagua lililo fupi.

"Si-ja-fa," alisema. Ndu, ndu, ndu. "Si-ja-fa."

Mwanawe aliokota kiti, akakisimamisha, akatoka nje.

Kesho yake, Mzee Springi alikataa chai mpaka apelekwe karakana. Mwanawe ndiye aliyempeleka; shangazi mtu alikuwa amelala pale pale na alihakikisha.

Kile chumba sasa kilikuwa duka la viti vya plastiki.

Viti vya plastiki! Vyeupe, vyekundu, vya bluu, vimerundikwa mpaka darini, mahali alipokuwa akitundika ngozi. Angekuta baa, angekuta kanisa, angekuta mochwari, angevumilia. Mwenye duka, kijana mchangamfu asiyejua lolote, aliona mzee mwenye fimbo, akakimbia kumvutia kiti chekundu.

"Karibu, mzee wangu, kaa, kaa upumzike."

Ngoma ilikuwa imebaki nyumbani. Mzee Springi alijigonga pajani kwa kiganja. "Si-ka-i."

Na hakukaa. Alisimama pale mlangoni, mguu wa kulia unatetemeka, jasho linamtoka, kwa karibu nusu saa, akiitazama kila kona. Mwanawe alimwambia, "Baba, kaa," akaambiwa, "Si-ka-i." Wapita njia wawili waliomfahamu wakasimama kumsalimia, akawaitikia kwa kichwa. Ndipo akaiona. Nyuma kabisa, chini ya mrundo wa viti vya watoto, ilikuwepo ile meza yake ndefu ya kukatia. Ilijengwa humo humo ndani miaka thelathini iliyopita na haikuwahi kupita mlangoni.

Mwenye duka alifurahi kusikia ina mwenyewe. "Ichukueni hata leo! Imenikalia kooni. Lakini haitoki, labda ikatwe."

Mwanawe akamtazama baba yake, akisubiri kukataliwa.

"Ka-ta," alisema Mzee Springi.

Mwanawe akaazima msumeno kwa seremala wa jirani. Alikata ile mbao ngumu akiwa amevaa shati la kazini, na baba yake alisimama juu yake akimtukana kwa lugha nyoofu kila msumeno ulipopinda. Ulipinda mara nne. Mwenye duka alitoka nje, akidai anakwenda kutafuta chenji.

Nusu ya meza iliwekwa uani, nusu nyingine ukumbini, ambako kila mtu anajigonga nayo goti mpaka leo. Cherehani hazikurudi. Mtu wa magodoro alisema amezinunua kihalali, na alisema kweli. Nyundo ndogo yenye sumaku ilipatikana kwenye buti la gari la mwanawe, pamoja na rula, ambayo Mzee Springi aliitazama kwa muda, kisha akampa mwanawe akaivunje apendavyo. Mwanawe hakuivunja wala hakuirudisha. Aliondoka nayo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kigoda cha jirani. Mkwe ndiye alikuwa mkono wa kulia, siku asizokuwa zamu kiwandani, na ilibainika ana vidole vigumu kwa sababu ya kukanda unga. Alivuta leza kuliko wanaume wengi. Walifanya kazi kwa neno moja moja, kwa kugonga meza: vu-ta, a-cha, ge-u-za. Kigoda kilichukua siku tisa. Zamani angekimaliza kabla chai haijapoa, na jambo hilo lilimuuma kila alipopiga msumari ukaenda kombo.

Mwanawe alikuja uani siku ya saba. Alisimama, akatazama, halafu akazunguka upande wa pili, akashika ukingo wa leza bila kuambiwa.

"Vu-ta," alisema Mzee Springi, pasipo kuinua macho.

"Nimevuta, baba."

"Hu-ja-vu-ta."

Akavuta. Msumari ukaingia, ukafuata mwingine. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, na kama kawaida yake hakuona sababu ya kuacha jambo lipite kimya.

"Kwa hiyo mmesameheana?" aliuliza kwa sauti.

Mzee Springi alifikiri, nyundo hewani, kwa uaminifu, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Alikitafuta kile kitu kifuani mwake na kukikuta bado kipo, cha moto, kimepungua labda kwa kiasi cha kigoda kimoja. Akagonga meza kwa kisigino cha nyundo, mara mbili.

"Ba-do."

"Na mimi bado," alisema mwanawe.

"Basi vuteni hiyo ngozi," alisema shangazi, "jirani anataka kukaa."